Nani Amepima Kilo Hizi? Njia za kumthibitisha mtumiaji katika mifumo ya pamba Simiyu

Mkulima wa Dutwa, wilayani Bariadi, anafikisha pamba yake kwenye ghala la chama cha msingi, AMCOS. Karani anaiweka kwenye mizani, anasoma kilo 340, anaandika. Kwa bei elekezi ya Sh1,200 kwa kilo, kama ile ya msimu wa 2019, mzigo huo una thamani ya Sh408,000: ada za shule, bati za nyumba, deni la pembejeo. Kwa miaka mingi maandishi ya karani yaliishia kwenye daftari na stakabadhi ya karatasi. Pale mizani ya kidijitali na vishikwambi vinapochukua nafasi ya daftari, kilo hizo husafiri kwa mtandao hadi kwenye seva, na seva hiyo huiagiza ya benki au ya kampuni ya simu kulipa. Njia ambayo programu moja hupitia kuiomba nyingine kazi ndiyo inayoitwa API.

Hapo ndipo swali la uchambuzi huu linapoanzia. Seva iliyoko mbali, ambayo haioni ghala wala sura ya mtu, inajuaje kwamba aliyeandika kilo 340 ni karani aliyesimama kwenye mizani? Inajuaje kwamba namba inayolipwa ni ya mkulima aliyeleta mzigo? Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, wenye wilaya 5 na watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022, ndio unaoongoza kwa pamba nchini Tanzania. Kwa hiyo swali hili linagusa mifuko ya kaya nyingi kutoka Busega hadi Meatu.

Njia za kuthibitisha mtumiaji ni nyingi, na wauzaji wa mifumo hupenda kutangaza ile iliyo mpya kuliko zote. Mimi naona kipimo kiwe kimoja: je, njia hiyo inamfunga mtu mmoja kwenye tendo moja, kiasi kwamba kesho akikana au akisingiziwa, ukweli unaweza kuonyeshwa? Njia isiyofanya hivyo haimlindi mkulima, hata iwe ya kisasa namna gani.

Kujitaja na kujithibitisha

Kuna mambo matatu ambayo mifumo mingi huyachanganya. La kwanza ni kujitaja: mimi ni fulani. La pili ni kuthibitisha: huu hapa ushahidi kwamba ni mimi. La tatu ni ruhusa: kwa kuwa ni wewe, unaweza kufanya hili, lile huwezi.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni mfano mzuri wa kinachotokea yanapochanganywa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Inamtaja mtu vizuri mno. Katika eneo ambalo daftari moja la chama linaweza kujaa akina Masunga, Limbu, Nkwabi na Sayi, jina pekee halitoshi, na namba ya taifa inaondoa utata huo. Lakini namba hiyo haithibitishi kitu, kwa sababu haikuwahi kuwa siri. Imo kwenye nakala zilizobaki kwa watoa fotokopi, kwenye fomu za mikopo, kwenye daftari la wakala aliyesajili laini. Mfumo unaomruhusu mtu kubadilisha nywila kwa kutaja namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa unauliza jambo moja mara mbili, maana tarehe tayari imo ndani ya namba.

Zaidi ya hayo, kila ombi linaloifikia seva lina wahusika watatu: mtu, kifaa anachotumia, na programu iliyomo kwenye kifaa hicho. Kumthibitisha mmoja si kuwathibitisha wote. Kosa la kuwachanganya hujirudia karibu katika kila njia itakayofuata.

Nywila na udhaifu wa kushirikiana

Nywila za kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, ili watumiaji wengi wa mashine moja wasifunguliane mafaili. Katika API, njia ya zamani kabisa inayotumika hadi leo inaitwa Basic: programu hutuma jina na nywila pamoja na kila ombi. Ukichukua jina «karani» na nywila «pamba», kinachosafiri ni herufi hizi: a2FyYW5pOnBhbWJh. Asiyejua ataona fumbo. Kumbe ni uandishi wa base64 tu, ambao kompyuta yoyote huugeuza kuwa karani:pamba papo hapo bila ufunguo wowote. Usalama wote wa njia hii unategemea HTTPS, yaani usimbaji wa njia nzima kati ya kishikwambi na seva. Ikikosekana hiyo, yeyote anayechungulia mtandao anasoma kila kitu.

Upande wa seva, nywila hazipaswi kuhifadhiwa zilivyo. Huchakatwa na kanuni za njia moja, kama bcrypt ya 1999 au Argon2 iliyoshinda shindano la kimataifa la 2015, ili hata mwizi akibeba kanzidata nzima asipate nywila zenyewe kwa urahisi. Hayo ni ya lazima, na mtaalamu yeyote atayataja.

Tatizo lisilotajwa sana liko ghalani. Chama kinapewa akaunti moja. Katibu anaijua nywila, karani wa mizani anaijua, kijana anayemsaidia siku za foleni ndefu anaijua, na pengine imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kishikwambi. Pamba ikipungua au kilo zikiongezwa kwa jina la mtu asiyelima, kumbukumbu za seva zitaonyesha jina moja: AMCOS. Mwaminifu na mwizi wanavaa jina lile lile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa, lakini mpelelezi atamkamata nani ikiwa watu wanne walikuwa na nywila moja? Akaunti ya kila mtu kwa jina lake ndiyo hatua ya kwanza, na gharama yake ni ndogo kuliko zote zitakazotajwa hapa.

Funguo za API na tokeni

Njia ya pili ni ufunguo wa API: mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao seva humpa mtengenezaji wa programu. Ufunguo huu unathibitisha programu. Haujui lolote kuhusu mtu anayeitumia. Ukiwekwa ndani ya programu ya simu, mtu mwenye ujuzi wa kati anaweza kuifungua programu hiyo na kuutoa. Mahali pake ni kwenye seva ya chama au ya kampuni, pasipofikiwa na watumiaji.

Kampuni za simu za Afrika Mashariki zimejifunza kutotegemea ufunguo peke yake. Safaricom ya Kenya, kupitia jukwaa lake la Daraja lililofunguliwa 2017, humtaka mtengenezaji kutoa ufunguo na siri yake, kisha humpa tokeni inayodumu sekunde 3,599, yaani saa moja kasoro sekunde moja. Ni tokeni hiyo inayotumwa pamoja na kila ombi la malipo. Vodacom nayo, katika API yake ya M-Pesa inayotumika Tanzania, hudai ufunguo ufungwe kwanza kwa ufunguo wa wazi wa RSA (aina hii ya funguo itaelezwa chini) kabla ya kutumwa. Faida ya tokeni ni moja: kinachosafiri kila mara ni kitu chenye uhai mfupi, na kikiibwa leo asubuhi hakifai jioni.

Tokeni iliyoenea zaidi ni JWT, iliyowekewa kiwango cha kimataifa 2015. Ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta: maelezo ya saini, taarifa za mtumiaji, na saini yenyewe. Huanza na herufi eyJ karibu kila mara, na ukiikuta kwenye kumbukumbu za mfumo utaijua kwa macho. Wengi hudhani yaliyomo ni siri. Si siri: sehemu ya kati husomeka na yeyote, kwa hiyo kuweka humo namba ya NIDA au salio la mkulima ni kuvianika. Saini huzuia tu yaliyomo yasibadilishwe, tena ikiwa seva inaikagua kweli. Mwaka huo huo wa 2015 iligundulika kwamba baadhi ya maktaba za programu zilikubali tokeni iliyojieleza kuwa haina saini kabisa, na mtu angeweza kujiandikia cheo anachotaka.

Udhaifu mwingine unahusu kufuta. Karani akiachishwa kazi saa tatu asubuhi huku tokeni yake inadumu hadi kesho, seva inayokagua saini peke yake itaendelea kumpokea. Dawa inayotumika ni tokeni ya dakika chache, tuseme 15, pamoja na tokeni ya pili ya kuhuishia, ambayo seva huweza kuikataa siku hiyo hiyo.

Kuna pia OAuth 2.0 ya 2012, inayofaa pale mhusika wa tatu anapohitaji kuchungulia. Chukulia benki inayotaka kuona mauzo ya mkulima ya misimu iliyopita kabla ya kumkopesha. Kumwomba nywila yake ni hatari. Kwa OAuth, mkulima anaridhia benki isome mauzo, isome tu, kwa muda maalumu, na anaweza kuondoa ridhaa. OAuth yenyewe inashughulikia ruhusa. Kumtambua mtu kuliongezwa 2014 na kiwango kiitwacho OpenID Connect. Ukiwasikia mafundi wakisema «tumeweka OAuth, basi tumemthibitisha mtumiaji», waombe wafafanue.

Simu, laini na namba ya siri

Kwa mkulima, mjadala wa tokeni uko mbali. Yeye ana simu, mara nyingi ya kitochi, na namba ya siri ya tarakimu 4. Tarakimu hizo hutoa michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta ingeimaliza kwa muda mfupi sana. Namba hiyo inalindwa na kanuni ya kufungwa baada ya majaribio machache yaliyokosewa. Kwa sababu hiyo, API yoyote inayopokea namba ya siri bila kikomo cha majaribio imeacha wazi fedha za watu.

Njia iliyozoeleka ni kutuma namba ya mara moja kwa ujumbe mfupi. Nguvu yake hapa Tanzania ilitokana na usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 1, 2019 na kufikia ukomo Januari 20, 2020, ambao uliifunga kila laini na namba ya NIDA ya mtu. Kwenye karatasi, ujumbe uliofika kwenye laini umemfikia mwenye laini. Maishani mambo ni tofauti. Mzee ambaye namba yake ya NIDA ilichelewa alisajiliwa laini kwa jina la mwanawe. Simu ni ya nyumba nzima, na mchana imeachwa kwenye duka la kuchajia. Laini huweza kuhamishwa kwa ulaghai kwenda kwenye kadi nyingine. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka njia ya ujumbe mfupi kwenye kundi la zenye masharti katika mwongozo wake wa 2017.

Hatari kubwa zaidi naiona katika msaada. Foleni ni ndefu, jua ni kali, mama mwenye umri mkubwa hasomi maandishi madogo. Karani anamwambia kwa heshima zote: «Mayu (mama), hebu nisomee ile namba iliyoingia,» au anaichukua simu aisome mwenyewe. Kuanzia hapo karani ameshika pande zote mbili za uthibitisho: anaandika kilo, na anazikubali kwa niaba ya aliyezileta. Wengi wanaofanya hivi wana nia njema. Mfumo ndio uliowapa mamlaka yasiyopaswa kuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Ulaya ilikutana na tatizo la aina hii katika malipo ya benki. Kanuni zilizoanza kutumika Septemba 2019 zinataka namba ya uthibitisho ifungwe na kiasi pamoja na mlipwaji, na mteja avione vyote kabla ya kukubali. Ghalani wazo hilo linatafsirika hivi: badala ya ujumbe unaosema «namba yako ni 4821», uje unaosema «Kilo 340, Sh408,000, makato ya pembejeo Sh60,000. Kama ni sawa, weka namba yako ya siri.» Uwe wa Kiswahili chepesi, na kwa wasiosoma, iwe sauti inayopigwa kwenye simu hiyo hiyo. Hapo mkulima anathibitisha mauzo yake mwenyewe, na karani akizidisha au kupunguza kilo, tofauti inaonekana kabla fedha hazijatoka.

Vidole vilivyoshika jembe

Alama za vidole huvutia, kwa kuwa hazisahauliki na haziazimwi. Lakini vidole vya mkulima wa Itilima au Meatu vimeshika jembe tangu utoto, na wakati wa kuvuna hupita kwenye vitumba vikavu vya pamba vyenye ncha zinazochoma. Michirizi ya ngozi huchakaa, mashine hukataa. India, yenye mfumo mkubwa kuliko wote wa alama za mwili, Aadhaar, imekumbana na hali hiyo kwa vibarua na wazee walioshindwa kuchukua mgawo wa chakula kwa sababu mashine haikuvitambua vidole vyao. Kumkatalia mtu haki yake kwa sababu amefanya kazi ngumu maisha yake yote ni dhuluma, na fundi anayebuni mfumo anapaswa kuiona kabla haijatokea.

Kuna pia jambo la pili. Nywila ikivuja unaibadilisha, kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za alama za mwili na za miamala ya fedha katika kundi la taarifa nyeti. Chama kinachokusanya vidole vya wanachama wake kimejitwika mzigo mzito wa kisheria. Vidole vitumike mara moja wakati wa kusajili, kupitia mifumo ya serikali iliyokwisha kuwepo, na siku za mauzo ziwe na njia nyingine.

Saini za kidijitali na passkey

Njia imara kuliko zote hutumia jozi ya funguo: wa siri unaobaki kwa mwenyewe, na wa wazi unaopewa kila mtu. Kilichotiwa saini kwa ule wa siri hukaguliwa kwa ule wa wazi, na hakuna siri inayosafiri njiani. Serikali ya Tanzania inaitumia katika GePG, mfumo wa malipo unaotoa kontroli namba: ujumbe kati ya taasisi na mfumo huo hutiwa saini kwa cheti, hivyo taarifa kwamba malipo fulani yamefanyika haiwezi kughushiwa na mtu wa katikati. Seva inapozungumza na seva, kama ya chama na ya benki, hiki ndicho kipimo cha kufuata. Tena pande zote zithibitishane: seva ya chama inayopokea taarifa ya malipo bila kuhakiki mtumaji inaweza kudanganywa kwamba wakulima wamelipwa.

Kwa watu, sura mpya ya njia hii ni passkey, iliyojengwa juu ya kiwango cha WebAuthn kilichopitishwa Machi 2019. Ufunguo wa siri hukaa ndani ya kifaa na hufunguliwa kwa kidole, sura au namba ya siri ya kifaa hicho. Kidole hakiendi kwenye seva. Na kwa kuwa ufunguo umefungwa na anwani halisi ya mfumo, tovuti ya kughushi haipati kitu. Kwa karani mwenye kishikwambi cha kazi hili ndilo chaguo langu la kwanza. Kwa mkulima mwenye kitochi haiwezekani kwa sasa, na hatupaswi kumlazimisha anunue simu janja ili auze pamba yake.

Saini inatatua pia kero ya mtandao. Vituo vingi vya kununulia viko mbali na minara, na tokeni ya dakika 15 haina msaada mahali ambapo mawimbi hupotea nusu siku. Wengine hutatua kwa kuifanya tokeni idumu mwezi mzima, na hapo wamerudi kwenye nywila kwa jina jingine. Suluhisho bora ni kila rekodi itiwe saini ndani ya kishikwambi wakati wa kupima, ipewe namba ya mfuatano isiyorukwa, kisha isubiri mtandao. Ikifika, seva hukagua saini na mfuatano. Rekodi iliyofutwa njiani huacha pengo linaloonekana, na iliyotumwa mara mbili hukataliwa kwa kuwa namba yake imeshapokelewa. Saa ya kishikwambi isiaminiwe peke yake, maana hubadilishwa kwa mkono. Seva iandike nayo muda ilipopokea.

Nini kifanyike

Nikiyaweka pamoja, picha inakuwa hii. Seva kwa seva: vyeti na saini. Karani: akaunti ya jina lake, passkey kwenye kifaa kilichosajiliwa, tokeni fupi, na rekodi zinazotiwa saini hapo hapo. Viongozi wanaoweza kubadilisha namba za malipo za wanachama: passkey pamoja na idhini ya mtu wa pili. Mkulima: ujumbe unaotaja kilo na fedha, anaoukubali kwa namba yake ya siri, na stakabadhi ya karatasi mkononi. Mkulima asiye na simu asitengwe. Athibitishwe na mwanachama mwingine aliyemchagua mwenyewe, na jina la shahidi huyo liandikwe.

Hakuna kati ya haya linalohitaji teknolojia ambayo haipo. Linalohitajika ni wanachama kuuliza. Kwenye mkutano mkuu, kabla ya kupitisha mkataba wa mfumo wowote, mjumbe wa kawaida anaweza kumsimamisha muuzaji kwa maswali manne: Je, kila karani ana akaunti yake? Akiondolewa kazi leo, anazuiwa baada ya muda gani? Kilo zangu zinaweza kukubaliwa bila mimi kuziona? Na nikisema sikuuza siku hiyo, mtanionyesha ushahidi gani? Muuzaji anayejibu yote manne kwa vitendo, mbele ya mizani, anastahili kusikilizwa. Anayejibu kwa kutaja majina ya teknolojia aambiwe arudi akiwa tayari, na mkataba usubiri.